Kuchagua Valvu za Kukuzia Sauti ya Santuri

Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja mbele ya wapenda santuri wa Kericho na Bomet.



Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alifika Kapkatet, akanasa sauti za wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hata katika vilima hivi vya chai. Gramafoni za siku zile zilitiwa ufunguo kwa mkono, wala hazikuwa na valvu hata moja. Leo wako watu waliorithi masanduku ya santuri za wazee wao, nao wauliza: nijitengenezee chombo gani ili nizisikie vizuri, na nitie valvu zipi?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kichwa cha sumaku kinachobeba sindano hutoa umeme mdogo mno, kadiri ya sehemu 5 za elfu moja ya volti. Kikuza sauti cha kwanza, yaani kile kikaacho kati ya sindano na mashine kubwa iendeshayo spika, hakina budi kuuongeza mara 100 hivi. Na kila uchafu uingiao mwanzoni, ukiwa ni mvumo wa umeme wa nyumbani au mchakacho wa valvu mbovu, nao utakuzwa vivyo hivyo. Basi valvu ya kwanza ndiyo ya kuchaguliwa kwa makini. Kama fedha ni chache, zitumie hapo.

Iliyozoeleka ni ECC83. Ndani ya kioo chake kimoja mna valvu mbili, kila moja ina kipimo cha kukuza cha 100, ingawa ikisha kufungwa katika mtambo hutoa kama 50 au 60. Wamarekani huiita 12AX7. Ni ile ile, kwa hiyo asikuuzie mtu kwa bei ya ajabu kwa ajili ya jina. Zingali zikitengenezwa Urusi, Slovakia na China. EF86 hukuza zaidi, na katika miaka ya 1950 ilisifiwa sana, lakini nyingine huitikia kila kishindo: ukigonga meza, spika hulia kama kengele. Mimi nisingeiweka katika nyumba yenye sakafu ya mbao. Kwa hatua ya mwisho, hasa waya wa kwendea mashine kubwa ukiwa mrefu, ECC82 yafaa. Kipimo chake ni 17 hadi 20 tu, lakini huweza kuzisukuma sauti nyembamba zisipotee njiani.

Hata hivyo valvu bora haiponyi mpango mbaya. Kanuni ya RIAA iliyotolewa Marekani mwaka 1954 yasema kwamba santuri inapochongwa, sauti nzito zipunguzwe na nyembamba zizidishwe. Kazi ya kikuza sauti ni kuzirudisha mahali pake. Santuri za kale zizungukazo mara 78 kwa dakika zilichongwa kabla ya kanuni hiyo. Ukizipiga kwa njia hiyo, sauti nyembamba zitapunguzwa bila sababu, na mwimbaji atasikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Tia swichi, upande mmoja kwa santuri za kale, wa pili kwa zilizofuata. Tena hizo za kale zataka sindano nene, kadiri ya sehemu 3 za elfu moja ya inchi. Nyembamba hutambaa chini kabisa ya mfereji na kuokota mikwaruzo.

Kwetu huku mvua ni nyingi na hewa ina unyevu. Kapasita za karatasi zilizotolewa katika redio kuukuu huvujisha umeme na kuharibu kazi ya valvu inayofuata; nunua mpya za plastiki. Transfoma iwekwe mbali na valvu ya kwanza. Mvumo ukizidi, ipashe moto valvu hiyo kwa umeme wa namna ya betri, volti 6.3, badala ya ule unaogeukageuka. Na radi ikianza kunguruma, chomoa plagi.

Ndani ya chombo hiki mna volti 250 au zaidi. Hata ukichomoa plagi, kapasita kubwa hubaki na umeme wa kutosha kumwua mtu. Umalize kwanza kwa rezista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira, upime kwa mita, ndipo utie mkono.