Mwezi wa Funga Si Mwezi wa Kufunga Shule

 

Mada niliyopewa ni mahudhurio ya watoto wetu katika shule za msingi mwezi huu mtukufu. Nitasema wazi: mitaani kwetu, Ramadhani ikiingia, madawati hubaki matupu. Mtoto yuko nje baada ya tarawehe mpaka saa sita usiku, anaamshwa daku, kukikucha mama anamhurumia: "Mwacheni alale, amefunga." Na mara nyingi huyo ni mtoto wa gredi ya pili, saumu haijamwajibikia, na ikifika saa tano ameshakunywa maji!

Kwa wasichana kuna jambo jingine, na hili tunalinyamazia. Binti wa gredi ya sita hubakishwa nyumbani asaidie kupika. Akune nazi, aumue unga wa kaimati, amenye viazi. Jamani, magharibi yetu ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na shule imeshatoka zamani. Nazi itamngoja. Na kaka zake nao wana mikono.

Mwezi mmoja una siku kama 20 za masomo. Mimi nilipokuwa darasa la tano nilikaa nyumbani wiki mbili za mwisho za Ramadhani. Kurudi, wenzangu washamaliza hesabu za sehemu, na mwalimu hakurudi nyuma kwa ajili yangu. Hesabu zile zilinisumbua mpaka darasa la nane.

Tusiisingizie dini. Vita vya Badr vilipiganwa Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria. Katika mateka walikuwemo waliojua kusoma na kuandika lakini hawana mali ya kujikomboa. Mtume (S.A.W.) aliwakubalia fidia yao iwe kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina. Yaani adui wa jana amekuwa mwalimu wa watoto wa Kiislamu! Sisi mwalimu yuko darasani anangoja. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003 (michango najua haijaisha), na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi ampeleke mtoto shule. Na bado tumelala.

Mtoto aliyefunga kweli na anachoka, mzazi aende amwambie mwalimu, apumzishwe wakati wa michezo. Hilo ni jambo la kuzungumza tu.

Vijana wenzangu, tarawehe ikiisha, kabla hatujakaa maskani, tuwarudishe wadogo zetu nyumbani wakalale. Asubuhi kila mmoja awapitie watoto wa mtaa wake. Mimi kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nje ya msikiti, mama anayetaka mwanawe asindikizwe amlete na mkoba wake.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.