Panya Buku wa Morogoro
Msikilizaji, panya tunayemwekea sumu nyumbani ana ndugu anayelipwa ndizi kwa kazi ya hospitali. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Hafundishwi kwa kiboko: akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula, na mwalimu naye hulazimika kujifunza subira na kumsoma mnyama wake. Utasema anafuata tumbo tu. Sawa, nasi twafuata mshahara, na kazi yetu haikosi thamani kwa hilo. Utasema pia hukosea; ndiyo maana sampuli anazoonyesha kuwa na ugonjwa hupimwa tena maabara. Hata hivyo, wagonjwa waliopitwa na hadubini za kliniki wamegunduliwa kwa pua hiyo.