Fedha za Kufuatilia Kura Zije Mapema

Programu ya Ushahidi ilizaliwa Kenya mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Raia walituma taarifa kwa simu na intaneti, zikaonekana kwenye ramani. Mwaka 2010, programu hiyo ilitumika kufuatilia kura ya maoni ya katiba. Kazi hii huhitaji wafadhili, na mara nyingi fedha huchelewa. Hilo ni hatari. Wahakiki wa taarifa za raia hawawezi kufunzwa vizuri katika wiki ya mwisho kabla ya kura, na taarifa isiyohakikiwa huweza kuwasha fujo. Fedha zije mapema. Kikundi kinachoomba ufadhili kitenge fungu la mafunzo na uhakiki, na kimtaje mfadhili wake hadharani. Naye raia anayeona kasoro katika kituo cha kupigia kura aandike jina la kituo, saa, na alichokiona mwenyewe, kisha atume taarifa hiyo kwa kikundi kinachofuatilia kura.