Somo la Redio: Siku ya Mahafali

Karatasi mliyo nayo mkononi ina maneno haya haya ninayoyasema. Anayeweza kusoma na afuate kwa macho. Ambaye bado, na asikilize kwanza, kisha asome pamoja na mwenziwe baada ya kipindi.

Habari yetu ya leo ni mahafali. Kila mwaka watoto wa bonde letu humaliza masomo. Wengine husomea uuguzi Ifakara katika chuo cha Edgar Maranta, kando ya hospitali ya Mtakatifu Francis. Wengine husomea udaktari hapo hapo Ifakara, katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2010. Wengine huenda Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Siku ikifika mzazi huuza gunia la mpunga, hupanda gari, huvuka mto Kilombero (siku hizi kwa daraja, zamani ilikuwa kwa kivuko), akaenda kukaa chini ya turubai pamoja na wageni wengine. Anaona watu wenye mavazi marefu ya rangi rangi. Anasikia Kiingereza. Wenzake wakipiga makofi, naye anapiga. Anaporudi nyumbani jirani humwuliza, "Mtoto amepata nini?" Naye hujibu, "Amemaliza."

Jibu hilo halitoshi. Mtu aliyelipa ada miaka mitatu hana budi kujua amelipia nini.

Basi tuyatazame maneno yenyewe. Mahafali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mikusanyiko ya watu. Kuhitimu nalo ni neno la zamani huko pwani: mtoto aliyemaliza kuisoma Kurani kwa mwalimu wake alisemwa amehitimu. Hata joho lilijulikana pwani kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika nchi zetu. Lilikuwa vazi la heshima la waungwana. Majoho haya ya wasomi, lakini, yalitoka Ulaya, katika zama ambazo vyuo vilikuwa chini ya kanisa na wanafunzi walivaa nguo ndefu kama mapadre. Tena majengo yao yalikuwa na baridi kali. Baridi ile haipo Ifakara. Kijana aliyevaa joho zito kwenye jua la Novemba hutoka jasho kama mvunaji wa mpunga, walakini hutamsikia akilalamika.

Sasa neno kubwa kuliko yote: shahada. Mwalimu wa darasa na aliandike ubaoni, sha-ha-da. Chini yake aandike shahidi, na chini yake tena aandike ushahidi. Tazameni herufi zake. Mnaona kuwa maneno haya matatu ni ndugu? Shahada ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya watu na kusema: mtu huyu tumemfundisha, tumemjaribu, nasi twashuhudia kwamba anaijua kazi hii. Ndiyo sababu jambo hili halifanywi chumbani kwa siri, kama vile ndoa haifungwi bila mashahidi. Mkuu wa chuo husema kwa sauti kwamba anawatunuku shahada, nao huvaa kofia zao. Dakika ile ndiyo sherehe yenyewe. Ngoma, picha na pilau ni nyongeza.

Si kila anayehitimu hupata shahada. Yuko anayepata astashahada, yaani cheti cha kwanza. Yuko anayepata stashahada, iliyo juu yake. Kisha ndiyo shahada. Asiyesoma maneno haya kwa makini huyachanganya, maana yanafanana. Hakuna aibu katika stashahada. Wauguzi wengi wanaotuhudumia katika zahanati wanayo hiyo. Lakini mzazi ajue ni ipi, asije akadanganywa na mtu yeyote, hata na mtoto wake mwenyewe.

Na shahidi naye hana budi awe mtu wa kuaminiwa. Chuo kisichosajiliwa ni sawa na shahidi wa uongo: karatasi yake haikubaliwi na mwajiri. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, inayoitwa TCU. Vyuo vya chini ya hapo husimamiwa na baraza liitwalo NACTVET. Ulizeni habari hizi kabla ya kulipa ada ya kwanza. Kuuliza siku ya mahafali ni kuuliza njia ukiwa umekwisha potea.

Turudi nyuma tuone wahitimu wetu wa mwanzo walikuwaje. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu Julius Nyerere mara nyingi alisimulia hali ya wakati ule: katika kila watu wazima 100, 85 hawakujua kusoma na kuandika, tena nchi nzima ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Majuma machache kabla ya uhuru, mwezi wa Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam. Hakikuwa na jengo lake. Kilianza katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14, na wote walisoma sheria.

Hebu jihesabuni hapo darasani. Pengine ninyi mko wengi kuliko wanafunzi wote wa chuo kikuu cha Tanganyika mwaka ule!

Kwa nini sheria, wala si udaktari? Kwa sababu nchi inayojitawala hutunga sheria zake, na Waafrika waliosomea sheria walihesabika kwa vidole. Mahakimu na mawakili wa wakati ule wengi wao walikuwa wageni. Habari za afya nazo hazikusahauliwa. Mwaka ule ule wa 1961, huku kwetu Ifakara, Waswisi walifungua kituo cha kuwafundisha watumishi wa afya wa vijijini, karibu na maabara yao iliyoanza mwaka 1957. Mwaka 1963 chuo cha Dar es Salaam kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka huo wanasheria wa kwanza wakahitimu. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Je, wahitimu hao walidaiwa nini na watu waliowasomesha? Jambo hili lilizusha ugomvi mkubwa, nami nataka mlisikie vizuri.

Katika miaka ile ya 1960 Mwalimu alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji humpa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea chakula kingine. Akikila asirudi, amewasaliti. Basi mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wahitimu wote watumikie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 katika kazi zao, wakilipwa shilingi 40 tu katika kila shilingi 100 za mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu, na walivaa majoho yao ya chuo. Walisema masharti ni magumu mno. Walisema pia kwamba viongozi wenyewe wanapokea mishahara minono.

Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika sana. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa siku ile na kurudishwa makwao. Lakini lile neno la mishahara hakulikana. Alisema mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, na wake mwenyewe akaupunguza papo hapo kwa shilingi 20 katika kila 100. Mwaka uliofuata wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi masomoni.

Watu hubishana mpaka leo ni nani aliyekuwa na haki. Mimi naona vijana walikuwa na haki ya kuuliza juu ya mishahara ya wakubwa, na jibu walilopewa laonyesha hivyo. Lakini kulikataa deni ukiwa umevaa joho lililolipiwa kwa kodi ya mkulima wa mpunga, hapo siwaungi mkono. Ninyi nanyi zungumzeni. Kikundi chenu hakilazimiki kukubaliana nami.

Siku hizi deni hilo lina ofisi yake. Wanafunzi wengi wa elimu ya juu husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo hulipwa. Kwa hiyo mtoto akipata kazi, na mshahara wake ukawa unakatwa kila mwezi, mzazi asidhani kwamba anafichwa fedha. Amwombe mtoto amsomee karatasi ya mshahara, au, vizuri zaidi, aisome mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye kazi yetu. Siku ya mahafali hutolewa kitabu chenye majina ya wahitimu. Majina huwa mamia, hata maelfu. Mara nyingi jina la ukoo huandikwa kwanza, halafu alama ya koma, halafu jina la mtoto, na yote hupangwa kwa kufuata a, b, ch, d. Kwa hiyo mwenye jina la ukoo linaloanza na M usimtafute mwanzoni. Fungua katikati. Usitafute neno zima kwa mara moja. Shika herufi ya kwanza, kisha ya pili, na jina litakuja lenyewe.

Ukiliona, lisome herufi kwa herufi. Chukueni mfano wa kijana aitwaye Athumani. Katika cheti cha kuzaliwa karani aliandika Asumani. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Athumani. Sekondari wakaandika Othman. Sikio la mama husikia mtoto mmoja, lakini ofisi ya mwajiri huona watu watatu, na kazi hiyo yaweza kupewa mwingine wakati yeye anahangaika. Itambidi aende kwa wakili, ale kiapo kwa maandishi kwamba majina yote matatu ni yake, na huenda akaambiwa aandikishe hati ya jina. Kazi ya wakili hulipiwa. Nauli ya kwenda na kurudi hulipiwa. Na yote hayo yametokana na herufi chache ambazo mtu anayejua kusoma angeziona mapema.

Jueni pia kwamba siku yenyewe cheti pengine hakitolewi. Huchukuliwa baadaye chuoni. Joho nalo kwa kawaida ni la kukodi, hurudishwa, na likichelewa hutozwa faini. Cheti kikitoka, kitazameni hivi: jina la chuo ni lile mlilolipia? Jina la mtoto limekaa sawa? Ni astashahada, stashahada au shahada? Kuna tarehe, sahihi na mhuri? Kosa likionekana, lirudishwe chuoni mapema, kabla halijafuatana na mtoto kwenda kuomba kazi.

Fungueni madaftari. Kila mmoja aandike jina kamili la mtoto mmoja wa nyumbani kwake, mwana au mjukuu, hata kama bado yuko darasa la pili: jina lake, la baba, na la ukoo. Andikeni kama mnavyoamini ndivyo. Kisha nyumbani mtoe cheti chake cha kuzaliwa au daftari lake la shule, mliweke kando ya daftari lenu, na mlinganishe herufi moja moja. Palipotofautiana pigeni mstari chini kwa penseli, na Jumatano mje nalo darasani kwa mwalimu. Asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, naye aseme, maana Jumatano tutasoma jinsi ya kujaza fomu ya kukiomba.

Kwaherini.