Redio Iliyoloa Mafuriko Bado Inaweza Kusema

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wa Idsowe, Garsen



Mto Tana haujazwi na mvua ya Garsen peke yake. Maji hutoka Mlima Kenya na Aberdare, hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa, ndipo yafike huku delta. Mabwawa yakifurika, wanaoishi chini ya mto hutangaziwa wahamie sehemu za juu. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 na masika ya 2024 zilionyesha uzito wa tangazo hilo. Nyumba ambayo redio yake iliharibika katika mafuriko yaliyopita huweza kulikosa.

Redio nyingi zilizoloa hazijafa. Ndani mna bodi yenye njia za shaba zinazobeba umeme badala ya waya. Unene wa shaba hiyo kwa kawaida ni kama milimita 0.035, mwembamba kuliko unywele. Maji ya matope yakikuta betri bado imo, shaba huliwa haraka na kuacha kutu ya kijani. Kwa hiyo betri itolewe kwanza. Redio isiwashwe kwa kujaribu. Bodi isuguliwe kwa mswaki laini na spiriti, kisha ikaushwe kabisa penye upepo.

Ikiwa bado haisemi, fundi hupima kwa mita, betri ikiwa nje. Akigusa ncha mbili za njia moja na mita isilie, njia hiyo imekatika. Mita ikilia kati ya njia kuu ya umeme na ile ya hasi, kuna shoti.

Kutafuta shoti ni kama kutafuta maji yanayopotea katika mfereji wa shamba la mpunga: mkulima huziba tawi moja moja hadi alijue lililopasuka. Fundi naye huanza kwa kufungua mguu mmoja wa kapasita anayoishuku, kwa sababu mguu hurudishwa kwa urahisi. Hilo lisipotosha, ndipo hukata njia kwa wembe, mahali palipo wazi, mbali na njia jirani. Hukata mara moja, hupima pande zote mbili, na upande unaoendelea kulia ndio wenye kifaa kibovu. Kila anapokata hupapiga picha kwa simu, kwa maana mkato uliosahauliwa huwa ugonjwa mpya.

Kifaa kibovu kikishabadilishwa, njia huungwa. Rangi inayofunika shaba hukwanguliwa taratibu, kama milimita 3 kila upande, hadi shaba ing'ae. Shaba hupakwa lehemu, kisha waya mwembamba hulazwa juu ya pengo na kulehemiwa pande zote mbili. Lehemu peke yake isitumike kuziba pengo. Hupasuka redio inapotikisika. Njia iliyoliwa sehemu ndefu hurukwa kwa waya wenye plastiki, kutoka ncha hadi ncha. Chuma cha moto kisikae zaidi ya sekunde chache, la sivyo shaba hubanduka. Mita ikithibitisha kuwa njia imeunga na haigusi jirani yake, hapo ndipo betri hurudishwa.

Mambo mawili si ya kujaribia nyumbani. Kifaa cha kuchomeka kwenye stima huweza kubaki na umeme hatari katika kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa. Hicho ni cha fundi mwenye uzoefu. Na betri ya lithiamu ya simu au taa ya sola iliyozama au kuvimba isichajiwe tena, kwani inaweza kushika moto.

Redio iliyo juu ya kabati tangu mafuriko ipelekwe kwa fundi sasa, mto ukiwa chini. Waya wa urefu wa ukucha unaweza kutosha kuirudisha kazini kabla ya tangazo lijalo.