Mzee Wetu Akae Wapi?

Leo tutazungumza juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi hapa pwani, toka Bunju mpaka Saadani. Mama amezeeka. Kuteka maji hawezi, kuchanja kuni hawezi, na usiku huogopa kuanguka akienda chooni. Watoto wako Dar es Salaam wakitafuta riziki. Je, mama akae wapi?

Nitawaambia kosa tulilolifanya sisi. Shangazi yangu alikuwa akikaa Mlingotini, peke yake. Tulikutana watoto wake na sisi watoto wa ndugu zake, tukapatana ahamie mjini kwa mwanawe. Tulidhani tumemtendea wema. Lakini mwanawe alitoka alfajiri, akarudi usiku. Shangazi alishinda chumbani, hana jirani wa kumwita. Kwake alizoea kukaa barazani akisuka ukili, na kila mpita njia akimwamkia. Baada ya miezi mitatu chakula kilimshinda. Nilimwamkia, nikamwuliza ana nini. Akanijibu, "Mwanangu, mlinihamisha kama mtungi. Mtungi hauulizwi."

Basi fundisho la kwanza ni hili: mwulizeni mzee mwenyewe. Miguu imechoka, lakini akili yake ni yake.

La pili, gawaneni kazi, na mwandike. Ninyi sasa mnajua kuandika; tumieni elimu hiyo. Shangazi alirudi Mlingotini, nasi tukaandika katika daftari: huyu atanunua dawa, huyu atatoa fedha za chakula, huyu atakwenda kila Ijumaa. Binti wa jirani hulala naye, nasi humlipa kila mwisho wa mwezi. Tulijenga choo karibu na chumba chake, tukatia ukutani mti wa kushikia. Mambo haya hayakuwa makubwa, lakini tangu hapo hajaanguka.

La tatu ni juu ya mzee asiye na mtu. Serikali ina makazi ya wazee. Yaliyo karibu nasi ni Nunge, huko Kigamboni; kwa upande wa Tanga yako Mwanzange; na Unguja wana Sebleni na Welezo. Makazi haya yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza, wasio na ndugu wa kuwatunza. Si mahali pa kumpeleka mzazi kwa sababu watoto wana shughuli nyingi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ambayo ilimhesabu mzee kuwa mtu aliyefika miaka 60, ilisema kwamba jamaa ndio wa kwanza kumtunza mzee, na makazi ni njia ya mwisho. Kama jirani yako hana mtu kabisa, mwende kwanza kwa serikali ya kijiji au mtaa, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Na nyumba yoyote mtakayoichagua, iwe ya mtoto, ya ndugu, au makazi, msiichague kwa kusikia. Nendeni mkaione, tena wakati wa chakula. Tazameni choo, maji na kitanda. Ulizeni: usiku mzee akiita, nani ataamka? Akiugua, atapelekwa wapi, na nani atampeleka? Kaeni na wazee mtakaowakuta, mzungumze nao. Na mzee wenu mwende naye, akaone kwa macho yake.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee akifungiwa chumbani, neno hilo atamwambia nani?

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini shangazi alijifananisha na mtungi?
2. Katika jamaa yenu, nani anamtunza mzee, na nani anamsaidia huyo anayetunza?
3. Andika majina ya watu watatu na kazi ambayo kila mmoja angeweza kumfanyia mzee wenu juma hili.