Kompyuta Iliyotangaziwa Kifo Gulwe

Mtakumbuka kwamba juma lililopita sikuwa hapa mjini. Nilikuwa Gulwe, wilayani Mpwapwa. Sikwenda harusini wala msibani, ingawa kwa nyuso nilizozikuta pale ungeapa kwamba kuna msiba. Nilikwenda kwa sababu ya kompyuta.

Dada yangu mkubwa ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanachama 38. Fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu wasiolala nyumba moja, kama ilivyo desturi ya vikoba. Hesabu nazo zilikuwa kwenye daftari, mpaka mwaka mmoja mvua za Januari zilipopenya batini na kuyafanya majina na tarakimu kuwa uji wa wino. Tangu hapo zikahamishiwa kwenye kompyuta ya mezani, kuukuu, ambayo mwanangu aliiacha alipomaliza chuo. Fedha, basi, ina kufuli tatu, lakini kumbukumbu ya nani anadai na nani anadaiwa ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kasha lililofunikwa khanga.

Wiki tatu kabla ya mgao wa Desemba, kasha hilo likaanza vituko. Ukibonyeza swichi, feni inazunguka nusu duara kisha kimya. Siku nyingine inawaka, na ukiwa katikati ya kazi inajizima na kujiwasha yenyewe. Mwisho ikagoma kabisa. Dada akaipakia kwenye bodaboda mpaka kwa fundi wa mji ambao sitautaja. Bwana yule akaitazama dakika chache, akatamka kwamba mazabodi imekufa, na huenda hadidiski imekwenda nayo, ila kwa huruma yake yuko tayari kuununua mzoga kwa Sh. 20,000.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kisimani, mashineni, hata baada ya ibada: imekufaje wiki tatu tu kabla ya mgao? Dada yangu ana miaka 61 na hajapata kuitwa mwizi. Alinipigia simu usiku, akanambia, "Mdogo wangu, njoo uone mwenyewe kabla hawajanitoa nje ya kikundi."

Tusiwalaumu sana akina mama wale. Kutoiamini kompyuta ni jambo lenye historia katika nchi hii. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya hesabu kuvurugika, serikali yenyewe ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni! Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye. Kama Hazina ilifika hapo, sembuse kikundi cha Gulwe?

Basi nikafika, nikamwamkia dada shikamoo, nikawaambia waliokuwapo mbukwenyi, na kabla ya kunywa chai nikaibeba kompyuta mpaka kwa kijana mmoja anayetengeneza redio na simu kibandani kwake, si mbali na stesheni. Nilimweleza yote. Akauliza swali moja.

"Mzee, huyo fundi alipima?"

"Aliangalia."

"Basi sisi tupime."

Nawaomba radhi wasiopenda mambo ya nyaya, lakini hapa ndipo penyewe. Ndani ya kila kompyuta ya mezani, upande wa nyuma unapochomeka waya, kuna kisanduku cha bati chenye feni. Mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo ulionyooka: volti 12 kwenye waya wa njano, 5 kwenye mwekundu, 3.3 kwenye wa rangi ya chungwa. Mazabodi na hadidiski havijui kitu kuhusu ukutani; vinajua kile vinacholetewa na kisanduku hicho. Kikichoka, vyote huonekana vimekufa, ilhali ni wazima wenye njaa.

Kijana akakichomoa, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, akakichomeka umeme. Feni ikazunguka vizuri. Nikasema, "Basi ni kizima." Akacheka. Akachukua taa ya pikipiki, akaifunga kwenye waya wa njano na mweusi, ndipo akaweka mita. Bila taa, volti 11.8. Taa ilipowaka, 10.4. Kipimo kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6. Kwa hiyo kilikuwa kinasimama, lakini ukikitwisha mzigo kinapiga magoti.

Alichungulia kwa tochi kupitia matundu, akanionyesha vijidumu vidogo viitwavyo kapasita, vitatu vikiwa vimevimba vichwa. Kompyuta nyingi duniani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua hivyo, kwa kuwa kapasita zao zilitiwa maji mabovu kiwandani. Zetu zina adui wa pili: jirani akiwasha mashine ya kusaga taa hufifia, akizima zinang'aa kupita kiasi. Na kinachonisumbua mimi ni kwamba hatua chache kutoka pale inapita reli mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na juu yake kuna waya wa volti 25,000. Treni haiyumbi hata kidogo. Wala sisemi dada achomeke kompyuta hapo!

Nilitaka afungue kisanduku abadilishe kapasita. Alikataa, na alikataa kwa haki. Humo ndani hubaki umeme wa volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mwenye mkono usiojua hupata funzo lake mara moja tu.

Nikarudi Dodoma kununua kingine. Nikauziwa kipya kwa Sh. 30,000, kimeandikwa wati 500. Nilipokifikisha Gulwe kijana akakiweka kiganja hiki na cha zamani, chenye wati 250, kiganja kile. Kipya kilikuwa chepesi kama ganda la yai. "Mzee, shaba na chuma vina uzito. Hizi 500 zimeandikwa kwenye karatasi." Alipokipima kwa taa ya pikipiki hakikufika hata 11. Mwenye duka, nikimrudia, tutazungumza.

Tukapata kilichotumika, kutoka kwenye kompyuta ya mitumba iliyokuja toka Marekani. Kizito. Plagi yake kubwa ya matundu 24 inaachana, nne zikakaa kando, ikaingia kwenye mazabodi yetu ya matundu 20. (Si kompyuta zote huwa hivyo: Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina plagi inayoingia sawasawa lakini nyaya zimepangwa vingine, na ukichomeka ya kawaida unaunguza kila kitu.) Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi ya ukutani pale kijana aliponishika kifundo. Nyuma ya kile kisanduku kuna kitufe chekundu. Kilisomeka 115, umeme wa kwao. Kwa volti zetu 230 kingelipuka palepale. Akakisukuma kwa bisibisi mpaka 230. Jasho lilinitoka, sifichi.

Taa ya pikipiki, volti 11.9. Skrubu nne, plagi mbili za mazabodi, moja ya hadidiski. Kompyuta ikawaka, ikalalamika kwamba saa imepotea, jambo ambalo ni betri ndogo kama kifungo na halina uhusiano, kisha hesabu za akina mama 38 zikajitokeza kama zilivyoachwa.

Jumapili tuliwaita. Dada alisoma majina moja baada ya jingine, kila mmoja akilinganisha na risiti zake. Ilipatikana kasoro moja: rejesho la Sh. 40,000 la mama mmoja lilikuwa limeandikwa mara mbili, na mama huyo ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikaa kimya. Dada naye hakusema neno, akafuta moja na kuendelea kusoma.

Nakala zimechapwa Mpwapwa na kutiwa ndani ya sanduku la kufuli tatu. Kijana hakutaka zaidi ya Sh. 10,000. Ile feni ya kisanduku kilichokufa ameichukua mjukuu wa dada, anasema atatengenezea ndege.